Mchezo wa kutafuta vitu vilivyofichwa: namna ya kuupima mbele ya kumaliza mega

Munanizoea kwa mambo ya mihogo na mbegu za mahindi. Leo nataka kuongea juu ya michezo ya kompyuta. Musicheke kwanza. Mchezo mmoja ulinikosesha kazi, na njo maana nimekaa chini kuandika.

Ilikuwa hivi. ONG moja ilitoa ofre: walitafuta mtu wa agronomia wa kufuata mashamba ya wakulima. Mwisho wa kutuma dosiye ilikuwa Ijumaa, saa kumi ya mchana. Nilinunua mega mapema nikaziacha kwenye telefoni, zisiguswe. Ijumaa saa tisa nafungua, hakuna kitu. Mdogo wangu, ambaye eko mwaka wa mwisho wa sekondari na anajitayarisha na Examen d'État, alichukua telefoni usiku akateremsha mchezo wa kutafuta vitu vilivyofichwa. Mchezo ulikuwa wa bure, lakini kila dakika mbili ulionyesha tangazo la video, na video njo inakula mega. Nilikimbia mpaka kwenye Boulevard ya Libération kutafuta krediti, mtandao nao ukawa unavuta miguu. Dosiye ilitoka saa kumi na dakika ishirini. Mpaka leo hakuna mtu amenijibu.

Nilirudi nyumbani na hasira. Nilimwambia nitafuta michezo yote, kwenye telefoni na kwenye mashini. Aliniangalia akasema: "Yaya, weye njo unasemaka mutu asingole shamba muzima juu ya muhindi moja mugonjwa. Sasa michezo yote iko mubaya?"

Sikuwa na jibu. Nina lisansi ya agronomia, najua kupima gunia la mbegu, lakini sikujua kupima kitu ambacho mdogo wangu anatumia kila jioni. Basi tukaanza kuipima pamoja. Haya ninayoandika ni matunda ya jioni zile.

NI MCHEZO WA NAMNA GANI?

Wengi kati yetu tuliona kile kitabu cha picha ambacho Wafaransa wanaita Où est Charlie ?, cha Mwingereza Martin Handford, kilichotoka 1987. Unatafuta mtu mmoja wa fulana ya mistari katikati ya watu mia. Mchezo wa kompyuta ni wazo lile lile: unapewa picha iliyojaa vitu na orodha chini yake, saa, ufunguo, nyoka, kijiko, na unagusa kila kitu ukikiona.

Aina hii ilipata nguvu 2005, wakati Big Fish Games, kampuni ya Seattle kule Marekani, ilitoa Mystery Case Files: Huntsville. Hapo ilikuwa zaidi picha na orodha. Nyuma yake, kwa mfano kwenye Return to Ravenhearst ya 2008, waliongeza safari: unatembea toka chumba mpaka chumba, unaokota vitu, unaviweka kwenye mfuko, unavitumia kufungua milango na kutatua mafumbo. Tangu hapo njo tunasema mchezo wa kutafuta vitu na wa safari. Studio ya Artifex Mundi ya Poland imetoa mingi ya aina hiyo. Kwa kawaida mmoja unaisha kwa saa 3 ao 5, na mingi inatembea hata kwenye mashini ya zamani sawa yangu.

Sasa, namna gani ya kujua ule mzuri?

MBEGU INAPIMWA MARA NNE

Kwenye masomo ya mbegu tulifundishwa kwamba gunia halipimwi kwa picha iliyo juu yake. Kuna mambo manne. Usafi: ndani kuna mbegu peke yake, ao kuna mawe na takataka? Kuota: unalalisha mbegu 100 kwenye kitambaa chenye maji, na kwa mahindi, nyuma ya siku 7 unahesabu zilizoota. Kizazi: ni kweli ile aina iliyoandikwa kwenye gunia? Afya: inabeba ugonjwa ao mdudu? Watu wa SENASEM wanajua hiyo kazi kunishinda. Mimi niliazima paka njia yao.

1. USAFI: PICHA INAFICHA KWA HESHIMA?

Kuficha kuko na heshima yake. Mchezo mzuri unaficha kitu kwa umbo na kwa nafasi. Nyoka amelala katikati ya kamba. Kijiko kimesimama kati ya vikonyo vya maua. Kitana kimeegemea lupango na meno yake yanafanana na miti ya lupango. Kitu kiko wazi mbele yako, ni jicho lako njo lilipita.

Mchezo mbaya unaiba. Unaweka ufunguo mweusi kwenye kona nyeusi. Unafanya kipepeo kiwe sawa moshi, karibu hakionekani. Unachora tembo mwenye ukubwa wa kiberiti. Ao unamwaga tu vitu ovyo: tairi juu ya kitanda, samaki kwenye kabati la vitabu, violini ndani ya sufuria. Hapo hautafuti tena, unafagia takataka.

Kwa wale wa shamba, fikirini mayai ya ile chenille légionnaire inayosumbua mahindi Afrika tangu 2016. Mkulima anapita mara tatu hayaoni. Ukimwonyesha kwamba mdudu anayabandika kwenye jani, mara nyingi upande wa chini, na anayafunika na kitu sawa pamba, kesho anayapata mwenyewe. Mayai yamefichwa, lakini yako na sheria. Picha nzuri ni hivyo: ukijifunza sheria yake, jicho linakuwa na akili.

Jaribio: angalia picha dakika moja bila kugusa kitu. Unaweza kusema hapa ni jikoni, hapa ni duka la dawa, hapa ni bandari? Kama huwezi, usafi ni mdogo.

2. KUOTA: KATI YA VITU 20, VINGAPI NI VYA HAKI?

Hiki njo kipimo ninachopenda zaidi, na kinataka kalamu na karatasi tu. Chukua vitu 20 vya kwanza. Ukikiona mwenyewe, andika "kimeota". Ukishindwa, bonyeza kitufe cha msaada kikuonyeshe, halafu sikiliza moyo wako. Ukisema "Aa, kumbe!", hicho pia kimeota, juu kosa ni lako. Ukisema "Hii nayo ni taa?", andika "kimeoza". Mimi, vikioza zaidi ya 3 kati ya 20, naacha.

Vingi vinaoza juu ya maneno. Michezo mingi inatungwa kwa lugha ingine, halafu inatafsiriwa mbio mbio kwa Kifaransa. Siku moja orodha iliandika "avocat". Mdogo wangu alitafuta tunda la avoka karibu robo saa, kwenye meza, kwenye kikapu, chini ya dirisha. Kumbe ni wakili, sanamu ndogo ya mtu mwenye kanzu nyeusi. Ni hivyo na "glace", ambayo ni barafu ao kioo, na "grue", ambayo ni ndege ao mashini ya kuinua mizigo. Mchezo mzuri unaweza kucheza na neno la namna hiyo kwa makusudi, na ukicheka unajua ni makusudi. Mbaya hata hajui kwamba neno liko na maana mbili.

Hapa kuna jambo moja la kwetu. Vitu vingi vya michezo hii ni vya nyumba za Ulaya. Mdogo wangu hakujua "tisonnier", ile fimbo ya chuma ya kuchokonoa moto ndani ya nyumba. Angeijua wapi? Sisi tunasukuma makala kwa mkono. Hilo si kosa la mchezo. Swali ni hili: unakusaidia kujifunza? Mwingine ukigusa neno unakuonyesha kivuli cha kitu. Ule unafaa kwa mwanafunzi. Mdogo wangu eko na kayé ya maneno aliyopata humo: enclume, sablier, girouette. Sisemi itamfaulisha Examen d'État. Nasema tu kwamba karatasi yangu ya kamusi ilimshinda kusoma, na kayé hii anaijaza mwenyewe.

3. KIZAZI: NI SAFARI KWELI?

Kwenye gunia wameandika "safari na mafumbo". Sasa angalia kama ndani iko safari. Kipimo changu naita kipimo cha kisu. Uko na kisu kwenye mfuko. Mbele yako kuna kamba. Mchezo unakukatalia: hapana, rudi vyumba vinne utafute kipande cha chupa, njo ukate kamba. Na ufunguo ukifungua mlango mmoja unavunjika mkononi, hata kama ni wa chuma. Yeyote aliyecheza aina hii anajua hiyo hasira. Mchezo wenye akili unakubali kisu kikate, ao unakupa sababu ya kukataa.

Jambo la pili, kutafuta kuwe na sababu ndani ya hadithi. Kwenye Nightmares from the Deep: The Cursed Heart ya Artifex Mundi, mama anayefanya kazi kwenye makumbusho anamfuata haramia mfu aliyemwiba binti yake. Unajua unafanya nini na juu ya nani. Kwenye Enigmatis: The Ghosts of Maple Creek, vitu unavyopata vinabandikwa kwenye ukuta wa ushahidi, na unaviunganisha ili uelewe kilichotokea. Lakini mchezo ukikutafutisha vitu 12 ili upate kimoja, na vile 11 vinapotea bila kazi, mara tatu ni sawa, mara ishirini ni kujaza gunia na makapi.

Angalieni pia mambo madogo yanayoonyesha kwamba mtungaji anakuheshimu. Kuna ramani inayokurudisha fasi ya mbali kwa mguso mmoja? Unaweza kuchagua uzito, toka kwa anayeanza mpaka kwa mzoefu? Fumbo likikushinda, kuna njia ya kuliruka? Hadithi inaisha ndani ya mchezo uliolipia, ao mwisho wenyewe umekatwa ili uuzwe kando kama sura ya ziada? Sura ya ziada ni zawadi. Mwisho wa hadithi ni haki ya aliyenunua.

4. AFYA: UNABEBA NINI NDANI YAKE?

Hapa njo pale nilipoumia. Mbegu inaweza kuwa safi, ikaota 95 kwa 100, lakini ikibeba ugonjwa unaharibu shamba lote. Na mchezo ni hivyo.

Matangazo: zima mega kabisa, halafu fungua mchezo. Unatembea? Kama haufunguki bila mtandao, jiulize unataka mtandao wa kazi gani.

Nguvu: michezo mingi ya bure kwenye telefoni inakupa "nguvu" kidogo. Ukimaliza picha kadhaa inaisha, unangojea ao unalipa. June's Journey, iliyotoka 2017 kwa studio ya Wooga ya Berlin, ni mfano unaojulikana wa mtindo huo. Ni biashara, na iko na wapenzi wengi. Lakini ujue kwamba hapo uvumilivu wako njo unauzwa, na picha ile ile utairudia mara nyingi. Aliye na mega chache na mtihani karibu, apite mbali.

Flashi: wengi tunapata michezo kwa flashi ya rafiki. Na mimi pia, sijifanye mtakatifu. Kati ya michezo sita aliyoleta mdogo wangu, miwili ilikuwa demo inayosimama katikati ya hadithi, na mmoja ulileta virusi iliyogeuza dosiye zangu zote kuwa vinjia vya mkato, pamoja na memware yangu. Niliziokoa juu nilikuwa na kopi kwa rafiki. Zaidi ya virusi, wale waliochora zile picha ni wafanyakazi sawa sisi. Kuna njia ya halali ambayo wengi hawajui: Big Fish inaruhusu kujaribu mchezo saa moja bure. Steam nayo inarudisha pesa kama umeomba ndani ya siku 14 na hujacheza kupita saa 2. Kwa kupima, saa moja inatosha.

Kurenti: hiki ni kipimo cha Bunia, hamtakipata kwingine. Betri ya mashini yangu imekufa, kurenti ikienda kila kitu kinazima. Basi nacheza dakika kumi, nachomoa waya makusudi, nawasha tena. Mchezo umenirudisha pale nilipokuwa? Mzuri unajihifadhi wenyewe kila hatua. Mbaya unakurudisha mwanzo wa sura, na hapo mtoto anataka kulala saa sita ya usiku juu ya "kumaliza tena".

NAMNA YA KUTOA ALAMA

Kila ubora nautolea alama 5, jumla 20, sawa kwenye masomo yetu. Kumi na mbili unapita. Lakini kuna sheria moja juu ya zote: afya ikipata chini ya 2, mchezo unaanguka hata kama zingine ni tano tano. Gunia lenye ugonjwa halisamehewi juu mbegu zake zinang'aa. Ule mchezo wa bure ulionikosesha ofre, jina silitaji, nilipoupima bila hasira ulipata 4 kwa picha. Ni kweli picha zake ni nzuri. Afya, sifuri.

Na nyota za watu kwenye duka la intaneti? Zisomeni, lakini anzeni na wale wanaolalamika. Mtu wa Ulaya akilalamika kwamba mchezo ni mfupi, hiyo hainigusi. Akilalamika kwamba unaomba mtandao kila wakati, hiyo ni habari yangu.

PALE NILIPOKOSEA

Nisiwadanganye, karatasi yangu iliniaibisha mara moja. Binamu yetu wa Kampala alipokuja kusalimia, alikuwa na Hidden Folks kwenye tableti yake. Ni mchezo wa 2017, umechorwa kwa mkono, nyeupe na nyeusi tu, na sauti zake zote mtu alizifanya kwa mdomo. Unafungua hema, unatikisa miti, watu wadogo wanatokea. Nilimpa 1 kwa kizazi juu hauna safari wala hadithi ndefu.

Mama alikuwa anachagua maharagi pembeni. Akauliza ile kelele ni ya nini, akavuta kiti, akaanza kugusa na kidole kilicho na vumbi ya maharagi. Yeye Kifaransa kinamsumbua, michezo yetu yote ilikuwa imefungwa kwake. Huu picha ya kitu unachotafuta iko chini pale, unaigusa na kuiangalia. Alicheza mpaka maharagi yakasahauliwa. Mdogo wangu akaniambia pole pole: "Yaya, kwa gunia hawakuandika safari."

Alikuwa na haki. Unapima mbegu kwa kile kilichoandikwa kwenye gunia. Mchezo usioahidi safari hauwezi kuanguka kwa kukosa safari. Nilifuta ile 1.

SASA?

Ile ofre ilipita. Nimetuma zingine tatu, na mega za dosiye sasa ziko kwenye telefoni ya mama, hakuna anayezigusa. Mdogo wangu anacheza saa moja Jumamosi na saa moja Jumapili, nyuma ya masomo, kwenye mashini isiyo na mtandao.

Lakini kuna kitu kimetokea ambacho sikukipanga. Amechora picha yake mwenyewe kwenye karatasi kubwa: soko la Bunia. Kuna bido za manjano, samaki wa Tchomia, vitenge vimetundikwa, mama anauza sombe, vijana wa moto wamesimama kwenye kivuli. Ndani amefichiza vitu 25, na orodha ameandika kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Kule Yaoundé, Kiro'o Games walitoa Aurion mwaka 2016, mchezo kamili uliotengenezwa Afrika ya Kati, basi tusidhani mambo haya ni ya wengine tu. Sisemi mdogo wangu atafika huko. Kwa sasa eko na kalamu na gome.

Aliniomba niupime kwa karatasi yangu. Usafi nilimpa 4. Kuota, vitu 18 kati ya 20 vilikuwa vya haki. Vilivyooza ni viwili: sindano ambayo hakuna jicho la mtu lingeiona, na "avocat". Nilimwuliza ni tunda ao ni wakili. Akacheka, akasema ni vyote viwili, niangalie vizuri. Tunda niliona kwenye kikapu. Wakili bado namtafuta, na nimekataa kuonyeshwa.

Wale walio na mchezo waliokwisha kuupima namna hii, waandike hapa chini jina na alama. Na kama kuna mwenye skana kwenye sekretaria yake, anijulishe. Ile karatasi inaanza kuchakaa.